Ukoo wa Wasiokula Kamongo

Ninyi mliobanana hapo karibu na mtungi, sogeeni, mpishe na wenye masikio. Wewe uliyekalia kinu cha watu, shuka, hicho ni chombo cha chakula. Wazee wangu, shikamooni. Watoto, marahaba, nawaitikia kabla hamjaamkia, maana nikiwasubiri tutakesha hapa. Mimi nitasimama. Habari hii siwezi kuisimulia nimekaa, miguu inaniwasha. Na nikisikia gari huko barabarani nitakatiza kwanza, niangalie linaelekea wapi. Msinicheke. Ni ugonjwa nilioambukizwa, na aliyeniambukiza ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Mnanijua. Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mkungu wa ndizi kichwani. Nikisema nilimwona samaki mkubwa kama mbuzi, ninyi mnapunguza wenyewe taratibu mpaka anabaki dagaa. Leo pia punguzeni mtakavyo. Ila nikifika mahali nikasema hapa msipunguze, basi hapo msipunguze.

Lilianza lori la Operesheni. Zamani hizo kila mtu alikaa kilimani kwake na migomba yake, huku kwetu upande wa Runazi, ukitaka chumvi ya jirani unapiga kelele mpaka sauti inakauka. Tukaambiwa tushuke barabarani tuishi pamoja, kijiji cha Ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama meno ya mtu aliyesoma. Lori likaja kutuhamisha. Mama mkwe wangu akapakiwa na kuku wake, na jiwe lake la kusagia, na kinyongo chake, na hicho kinyongo ndicho kilikuwa kizito kuliko vyote, lori likapanda kilima linalia.

Kati yetu alikuwepo mama mmoja wa Kizungu. Mume wake alikuja kutafuta dhahabu katika vilima vyetu. Alichimba mpaka nadhani alikaribia kutokea upande wa pili wa dunia, dhahabu yenyewe hakupata ya kujaza kijiko, homa ikamchukua, tukamzika. Wazungu wenzake wakafunga masanduku wakaondoka. Yule mama akabaki na cherehani ya mkono, akawa fundi wetu wa nguo. Kiswahili chake alikitembea kama mtu aliye pekupeku kwenye kokoto, lakini alifika. Na kushona, jamani. Alishona amefumba macho. Uzi anaupitisha kwenye tundu la sindano bila kuangalia, anaulamba, anaugusa, umeshaingia. Mwanzoni watu waliogopa kumpelekea nguo, wakasema hizo ni dawa. Halafu wakaona mshono haufumuki hata ukigombaniwa na mbwa wawili, hofu ikaisha.

Basi siku ya lori, yule mama hakupanda. Mwenyekiti wa kijiji akambembeleza, akamtolea na kiti cha mbele pale kwa dereva, mahali ambapo wengine tungeuza mtoto tukae. Akakataa. Hakugomba na mtu. Alitwika cherehani kichwani kama sisi tunavyotwika, akatembea nyuma ya lori kutwa nzima, vumbi lote la wilaya ya Biharamulo likaingia kwenye nywele zake. Alipofika jioni alikuwa mwekundu wa udongo kuliko barabara yenyewe. Tukajua ni mtu wa kutapika garini. Jirani yangu mpya, mama wa Kisukuma aliyehamia kutoka Mwanza na maneno mengi kuliko mizigo, akampelekea ndimu anyonye.

Lakini haikuwa kutapika. Tulipokaa naye mstari mmoja ndipo tukaona vituko. Nyuma ya mlango wake palikuwa na mfuko umefungwa saa zote, kama mtu anayesafiri kesho, na kesho hiyo haifiki. Makopa, ile mihogo mikavu, alikuwa anayachomeka ndani ya ukuta kati ya fito na udongo, hapa kipande, pale kipande. Panya wa nyumba ile walinenepa mpaka paka akiwaona anaamkia shikamoo. Na gari likilia tu kule darajani, cherehani inakata. Ukiingia unakuta kiti bado kinacheza na nguo iko nusu chini ya sindano, mwenyewe yuko katikati ya shamba la mihogo amechuchumaa. Gauni langu la Krismasi lilikuwa na mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, kwa sababu katikati ya ule wa pili lilipita lori la pamba. Mwezi wa kuvuna pamba ungeujua kwa kuangalia mikono ya wanawake kanisani.

Sasa mama mkwe wangu. Mama mkwe alikuwa mtu wa Ngara, mkali, mfupi, mkavu kama kuni ya kuchagua. Na alikuwa na muziro. Ninyi vijana mmezaliwa mkikuta mambo yamechanganyika, kwa hiyo nawaeleza. Kwetu kila ukoo una mnyama au samaki wake ambaye haumli. Huo ndio muziro, mwiko wa ukoo. Mnafanana mwiko, basi ninyi ni ndugu, hata kama mmeonana leo asubuhi. Atakulaza, atakulisha, atakuzika. Ukoo aliozaliwa mama mkwe ulikuwa na miko miwili, nguruwe na kamongo. Kamongo mnamjua, yule samaki wa matopeni, mrefu, mwenye ngozi laini kama mkanda. Mimi kwetu nilikula kamongo tangu sina meno. Siku niliyoolewa ndiyo siku niliyoagana naye. Chungu cha mama mkwe hakikutakiwa hata kusikia jina lake. Namwota mpaka leo.

Yule jirani Msukuma akabatiza mtoto. Akachinja nguruwe, akapika na kamongo, akaita kijiji kizima. Mama mkwe akaenda na maharage yake kwenye bakuli lake mwenyewe, kama kawaida, akakaa upande ambao moshi hauendi. Yule mama wa Kizungu naye akaja, akakaa karibu na mlango kama kawaida yake, mfuko mapajani. Akapewa sahani ya nguruwe. Akaisogeza pembeni polepole, akafanya kama anapuliza moto. Jirani akadhani anaogopa mafuta, akamletea kamongo. Yule mama akamuuliza kama samaki huyo ana magamba. Jirani akacheka, akasema magamba ya nini, huyu ni samaki au kobe? Akamwonyesha na ngozi. Yule mama akaitazama ile ngozi, akarudisha sahani kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema yeye hali. Kwao hawali huyu. Wala nguruwe. Tangu mababu.

Nilimwona mama mkwe. Kijiko cha maharage kilisimama njiani, hakikwenda mdomoni wala hakikurudi bakulini. Akauliza ni yeye tu asiyekula, au ni watu wa kwao wote. Yule mama akajibu wote.

Mama mkwe akaweka bakuli chini.

"Huyu ni wetu," akasema.

Watu tukacheka hadi mtoto aliyebatizwa akaamka. Yeye hakucheka. Akatueleza pale pale kwamba kaka wa babu yake alipotelewa na ng'ombe, akafuata nyayo kwenda kaskazini, hakurudi tena. Sasa mnaona alikokwenda. Alikwenda mpaka kwenye baridi, akaoa huko, watoto wakapauka. Jirani yangu Msukuma akamuuliza kama na huyo ng'ombe aligeuka Mzungu. Mama mkwe akamwambia anyamaze, mtu anayekula vitu vya matopeni hana neno kwenye mambo ya koo za watu.

Tulidhani ataamka asubuhi amesahau. Asubuhi alimpelekea yule mama, sasa anamwita mdogo wake, kibuyu cha maziwa ya mgando. Katekista wetu akaona afadhali aweke mambo sawa, akaja akamweleza vizuri kwamba yule mama ni Myahudi, na Wayahudi ni kabila la Bwana Yesu mwenyewe, imeandikwa, na hiyo miko yao imo kwenye Agano la Kale. Alifikiri amemaliza kesi. Mama mkwe akafikiri kidogo.

"Basi na Bwana Yesu ni wa ukoo wetu," akasema. "Nilikuwa nahisi."

Kuanzia Jumapili ile alihama benchi, akakaa la mbele kabisa, kama mtu aliyekwenda kusalimia kwa kaka yake.

Nakuja sasa kwenye ile sehemu. Subirini. Hilo ni gari? Ni pikipiki. Haya.

Ukiwa na ndugu lazima umuulize habari za nyumbani, mmoja mmoja, baba hajambo, mama hajambo, wadogo hawajambo. Ndiyo desturi, huwezi kuruka. Basi mchana mmoja tulikuwa kwangu, nimemenya ndizi, nazikamua kwa nyasi nipate juisi ya rubisi, maana mimi nilikuwa natengeneza hiyo pombe ya ndizi na kuuza. Mama mkwe amekaa kwenye ngozi, yule mama anashona. Mama mkwe akamuuliza watu wetu wa huko hawajambo? Yule mama akasema hakuna. Mama mkwe akadhani Kiswahili kimemponyoka, akauliza wamehama? Akasema hakuna. Akasimamisha cherehani kwa mkono, na hakuna gari lililokuwa limelia.

Hapa msipunguze.

Akasema kwao ni mji mdogo huko Poland, na baba yake alikuwa anauza viatu. Wajerumani wakaja. Wakawakusanya Wayahudi wa mji mtaa mmoja wakazungushia ukuta, mtu akitoka anapigwa risasi, chakula hakiingii. Mdogo wake wa mwisho alikufa kwa njaa humo humo, akiwa amemshika kidole. Halafu asubuhi moja yakaja malori. Wakaambiwa kila mtu abebe mfuko mmoja, wanapelekwa mahali pengine wakafanye kazi, huko kuna usalama. Watu wakajipanga mstari. Walikuwa watu wa kutii, akasema, waliosha na nyuso za watoto. Mama yake akamwambia yeye arudi ndani akalete mkasi, umesahaulika, huko utahitajika. Akaenda. Mkasi haukuwa mahali pake, akautafuta, akaukuta chini ya godoro, na hapo ndipo alipoelewa ni nani aliyeuweka huko. Alipochungulia dirishani malori yalikuwa yanaondoka. Mama yake alikuwa amekaa kinyume, hakugeuka kuangalia nyumba, asije akaonyesha kwamba kuna mtu ndani.

Walikopelekwa hawakufanya kazi yoyote. Waliuawa wote. Baba, mama, dada wawili, kaka na mke wake na mtoto, mashangazi, wajomba, watu waliouza mkate, waliochinja kuku, mji mzima.

Yeye akatoka na mkasi ule. Mkulima mmoja wa nje ya mji akamficha kwenye shimo la viazi, chini ya banda la ng'ombe, majira yote ya baridi na yaliyofuata. Shimo ambalo huwezi kusimama. Mke wa mkulima akamshushia makoti ya kurekebisha ili viazi anavyompa visiende bure, maana nao walikuwa wanaogopa, na mtu anayeogopa anataka angalau apate faida. Yeye alikuwa hajawahi kushika sindano. Akajifunza humo, gizani, kwa vidole na ulimi. Ndiyo maana mpaka leo akitaka kushona vizuri anafumba macho.

Nilikuwa nimeshika nyasi za kukamulia, juisi inanidondoka kwenye miguu, nyuki wananizunguka, sikuwafukuza.

Mama mkwe akajisogeza na ngozi yake hadi karibu na cherehani. Halafu akauliza, Wajerumani hao hao waliojenga boma pale Biharamulo? Yule mama akasema hao. Mama mkwe akasema baba yake alibeba mawe ya boma lile, na alichapwa viboko pale mpaka alipokufa mgongo wake ulikuwa kama ganda la mgomba. Akasimama, akaenda ndani, akarudi na chungu chake, kile kisichotakiwa kusikia jina la kamongo, akakiweka mbele ya cherehani.

"Kuanzia leo unakula humu," akasema. "Habari za nyumbani nimesikia."

Hakuuliza tena. Ila kuanzia siku ile naye akawa na ugonjwa wa magari. Gari likilia darajani ni yeye anayekuwa wa kwanza kusimama, ananiamrisha nimpe mdogo wake mfuko. Nami nikauchukua ugonjwa kutoka kwao wawili. Tukawa wanawake watatu tunaruka ruka kama kuku waliosikia mwewe, na jirani Msukuma akawa anatoka nje anatuuliza leo mwewe ni wa magurudumu mangapi.

Halafu vita ikaja.

Mnakumbuka au mmesimuliwa. Yule nduli wa ng'ambo akavuka mpaka kule kaskazini, akachoma, akaua, akaswaga ng'ombe. Watu wa huko wakaanza kushuka kupitia kwetu na magodoro kichwani na mbuzi wamefungwa kwa vitenge. Barabara haikulala. Malori ya jeshi yanapanda, malori yanashuka, taa zimepakwa matope, mchana kutwa ardhi inatetemeka mpaka rubisi yangu ilikuwa inachacha kabla sijaweka mtama, na hilo punguzeni kidogo. Vijana wakaitwa mgambo. Redio ya mwenyekiti ikawa na watu kuliko kanisa. Tukaambiwa tuangalie wageni, adui ana macho kila mahali. Kila mtu akawa anamwangalia kila mtu. Muuza chumvi mmoja alikamatwa mara tatu na watu wale wale kwa sababu ya kofia.

Na yule mama wetu, kwa malori yale, hakumaliza kushona hata kifungo. Alikonda. Alikuwa anatembea kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, wa nyuma hadi wa mbele, sakafu ya udongo ikawa na njia kama ya ng'ombe. Mama mkwe alihamia kwake na chungu, akawa anamlisha wakiwa wamesimama wote wawili.

Basi mwenyekiti akaja kwangu kama anayetaka kuonja pombe. Akaonja, akaangalia juu, akasema kama anayezungumza na paa kwamba kesho mchana kuna lori la wilayani. Wageni wote wa nchi za nje wanakusanywa, wanapelekwa Mwanza. Hakuna ubaya, akasema. Ni kwa usalama wao.

Yule mama alikuwa nyuma yangu. "Mama yangu aliambiwa hivyo hivyo," akasema.

Mwenyekiti akaweka kibuyu chini, pombe haijaisha, na mwenyekiti yule hakuwahi kuacha pombe haijaisha. Akasema yeye hana la kufanya, amri ni amri. Akaondoka anaangalia miguu yake.

Sasa mimi nilikuwa nimechimba shimo jipya la kuivishia ndizi. Unachimba, unatandika majani ya mgomba, unapanga mikungu, unafunika, zinaiva kwa joto lao. Langu lilikuwa kubwa, ukipenda unaweza kufungia harusi. Yule mama akaenda akasimama kwenye ukingo, akaliangalia. Akaangalia sana. Mimi nilitaka kumwambia asiingie, na wakati huo huo nikitaka kumwambia afanye haraka. Kesho yake tuliposikia lori darajani akashuka mwenyewe, akajikunja, kwa utaratibu, kama mtu anayerudi kwenye chumba anachokijua. Tukaweka fito, majani, mikungu juu. Mama mkwe akakalia ngozi yake pembeni, akaanza kuchambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Akashuka kijana kutoka ofisi ya wilaya, viatu vyeusi vinang'aa, ambavyo kwa vumbi letu ni ushujaa. Hakuwa mtu mbaya, msimchukie. Alikuwa amechoka, ametumwa. Akatuamkia vizuri. Akamuuliza mama mkwe yuko wapi yule mgeni wa Kizungu. Mama mkwe akasema kijijini hapa hakuna mgeni. Kijana akamgeukia mwenyekiti, akamwambia akikosa kumpata huyo mtu basi mwenyekiti mwenyewe atapanda lori akaeleze wilayani. Mwenyekiti akaanza kutoka jasho la mtu anayelima. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ndizi, halafu nikakumbuka nisiangalie ndizi, nikaangalia mawingu.

Kijana akasema ana muda, atasubiri. Akavuta kiti. Na katika eneo lote lile, jamani, kivuli alichokipenda ni kile cha kando ya shimo langu. Akakaa, kisigino cha kiatu chake kinagusa majani.

Mgeni akikaa lazima ale. Mimi sikuwa na kitu, maharage yenyewe yako mikononi mwa mama mkwe. Jirani yangu Msukuma, ambaye alikuwa anachungulia tangu lori liingie, akafikiri tumbo likishiba moyo unalegea. Akaja na sahani bora kuliko zote alizonazo, ugali mweupe na kamongo wa mchuzi mzito. Harufu ikanipiga, hata katika hofu ile mate yakanitoka. Kijana akanawa. Akaangalia sahani. Akaisogeza.

"Samahani mama, huyu sili."

Jirani akauliza anaumwa? Akasema haumwi, kwao tu hawali. Nikamwona mama mkwe ameacha maharage.

Akamuuliza kwa sauti ya upole ambayo mimi mkwe wake sikuwa nimeisikia, kwao ni wapi. Akasema Bugarama, Ngara. Na nguruwe? Kijana akacheka kidogo kwa aibu, akasema na nguruwe pia, upande wa baba hawali. Mama mkwe akamtajia babu, akamtajia kilima. Kijana akasema ndiyo. Halafu akashtuka kama mtu aliyekanyaga mtego, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Mama, hayo ni mambo ya zamani. Siku hizi sisi sote ni ndugu."

"Kama ni ya zamani, kula," mama mkwe akasema.

Dereva wa lori akazima hata sigara. Kijana akatuangalia, akaona kijiji kizima kinamwangalia mkono. Akakata tonge. Akalichovya kwenye mchuzi, akachukua na mnofu. Mkono ukapanda mpaka hapa, kwenye kifua. Ukasimama. Nilihesabu mapigo ya moyo wangu, yalikuwa mengi kuliko fedha ya serikali. Mkono ukashuka.

"Siwezi," akasema.

"Hata huyo unayemtafuta hawezi," mama mkwe akasema. "Ni mdogo wangu. Wewe ni mtoto wa kaka zetu. Huyo ni shangazi yako. Kama unaweza kumpakia shangazi yako kwenye lori kama gunia la mihogo, maliza kwanza hiyo sahani."

Kijana akasema lakini mama, huyo ni Mzungu. Akasema kama anayeomba. Mama mkwe akafungua mdomo, nikajua sasa anakuja yule ng'ombe wa kaskazini, na kwa yule ng'ombe tutapotea wote.

Ndipo mkungu wa juu ukasogea. Wa pili ukaanguka. Mkono ukatoka kwenye majani, halafu kichwa. Kijana aliruka na kiti, dereva alishafika kwenye usukani na amejifungia. Yule mama akapanda mwenyewe, hakutaka kushikwa. Amejaa udongo, majani makavu nywele nzima, siafu mmoja anatembea shingoni. Amesimama wima, na ndiyo mara ya kwanza nilipomwona yuko karibu na lori na miguu yake haikimbii. Akasema lori hapandi. Wakitaka kumpeleka atakwenda kwa miguu, na siyo leo, kwa sababu ana gauni la mtu halina mkono. Na kwenye shimo harudi tena. Akamshika mama mkwe bega.

Kijana akamwangalia. Akaangalia sahani ya kamongo. Akapangusa mkono wake kwenye suruali, ile suruali ya pasi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba," yule mama akasema, kwa sauti ndogo.

Mwenyekiti akakaa chini pale pale alipokuwa, kwenye vumbi. Jirani akachukua sahani yake akaanza kula mwenyewe, akisema chakula hakina kosa. Kijana akazunguka zunguka, akavaa kofia, akavua kofia. Akasema sawa, atasema kijijini hapa hakukuwa na mgeni, alikuta watu wa ukoo tu, na hilo siyo uongo. Lakini tumsaidie. Gari zinapita, watu wana macho. Wakimuuliza wilayani huyo shangazi yenu mbona ni mweupe hivyo, ajibu nini?

Hata mama mkwe akakwama. Mimi, ambaye uongo unanijia kama mafua, sikuwa na kitu. Na yule mama, ambaye miaka yote ile sikuwahi kumsikia akitania hata mtoto, akaling'oa jani lililokuwa sikioni mwake, akakung'uta udongo wa mkono mmoja, akakung'uta na wa pili.

"Waambie nilikaa sana shimoni," akasema, "jua halikunifikia."